Nyama ya Kabaka na Kiapo cha Mfalme: Dola na Wapinzani wa Kidini katika Uskoti (1660–1688) na Buganda (1876–1887)

Mnamo mwaka 1876, vijana wa Kiislamu waliotumikia ikulu ya Kabaka Mutesa I wa Buganda walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa ikulu. Walikataa vilevile kuswali nyuma ya Kabaka. Kwa ukaidi huo, takriban 70 kati yao waliuawa Namugongo. Aliyeamuru wauawe hakuwa adui wa Uislamu. Alikuwa mtawala yule yule aliyefunga Ramadhani kwa miaka ipatayo kumi, akajenga msikiti ikuluni, akaingiza kalenda ya Kiislamu katika mambo ya utawala na kuwaadhibu raia waliokataa kujifunza swala. Inakuwaje mtawala awaue watu kwa kuishika kwa nguvu zaidi dini ambayo yeye mwenyewe amewaamuru waifuate?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuyaweka matukio ya Buganda kando ya mkasa mwingine uliotangulia kwa miaka mia mbili, yaani mateso ya Wapresbiteri wa Uskoti chini ya wafalme Charles II na James VII. Hoja inayojengwa ni kwamba katika nchi zote mbili dola haikujishughulisha sana na yaliyomo moyoni mwa muumini. Ilichodai ni alama moja ndogo ya utii, kama vile tonge la nyama, safu ya swala, sahihi au kiapo. Udogo wa alama hiyo ndio ulioifanya iwe ya hatari, kwa kuwa mtawala aliona si jambo kubwa kuitoa, na aliyekataa kuitoa alionekana mwasi.

Uskoti: kanisa lisilo na mfalme

Upresbiteri ni namna ya kuliongoza kanisa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kanisa la aina hiyo, ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hulifahamu kwa mfano wa PCEA nchini Kenya, huongozwa na wazee na wachungaji wanaokutana katika mabaraza ya ngazi mbalimbali. Halina askofu. Katika fikra za Waskoti wa karne ya 17, mfalme alikuwa muumini kama muumini mwingine. Kichwa cha kanisa kilikuwa Kristo peke yake. Fikra hiyo haikuwa ndogo kisiasa. Mfalme anayewateua maaskofu ana sauti katika kila mimbari ya nchi. Mfalme asiye na maaskofu hana sauti hiyo.

Tarehe 28 Februari 1638, katika kanisa la Greyfriars jijini Edinburgh, Waskoti walianza kutia saini Agano la Taifa la kupinga mabadiliko ya ibada yaliyoletwa na Charles I. Kutokana na hati hiyo, wafuasi wake waliitwa Wanaagano. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell, Charles II alirejeshwa kwenye kiti mwaka 1660 na maaskofu wakarudi pamoja naye. Wachungaji waliotakiwa kuidhinishwa upya na askofu walikataa, na takriban theluthi moja ya wachungaji wote wa Uskoti walipoteza parokia zao. Mwaka 1669 bunge lilipitisha sheria iliyompa mfalme ukuu juu ya mambo yote ya kanisa. Mwaka uliofuata, kuhubiri katika mikutano ya ibada ya uwandani kulifanywa kosa la kifo.

Mateso hayo yalijengeka hatua kwa hatua, na hatua za mwanzo zilikuwa za kiofisi. Asiyehudhuria kanisa la parokia alitozwa faini. Mwenye ardhi alitakiwa kutia saini dhamana kwamba wapangaji wake hawatakwenda kwenye ibada za uwandani, na hivyo jirani akageuzwa mlinzi wa jirani. Mwanzoni mwa 1678, wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka nyanda za juu, walipelekwa kulala na kula katika nyumba za watu wa kusini-magharibi. Watu waliobanwa hivyo hawakukaa kimya. Mwezi Mei 1679 kundi la Wanaagano lilimuua Askofu Mkuu James Sharp njiani, mbele ya binti yake, na mwezi Juni jeshi la Wanaagano lilishindwa katika daraja la Bothwell. Ni vema jambo hili likasemwa wazi, kwa sababu maandishi ya kuwasifu mashahidi wa Uskoti hulipitia haraka mno: baadhi ya walioteswa walikuwa na bunduki na walizitumia.

Baada ya Bothwell, mtuhumiwa aliulizwa maswali machache yaliyozoeleka. Je, Bothwell ilikuwa uasi? Je, kifo cha askofu mkuu kilikuwa mauaji? Je, yuko tayari kusema, “Mungu amwokoe mfalme”? Mwishoni mwa 1684 kiliongezwa kiapo cha kuikana hati ya kundi la Wanaagano wenye msimamo mkali, na askari waliruhusiwa kumuua papo hapo, mbele ya mashahidi wawili, yule asiyekubali kuikana. Mei 1685, huko Wigtown, Margaret McLachlan, mjane mzee, na Margaret Wilson, msichana wa miaka 18, walifungwa kwenye nguzo ufukweni ili maji ya bahari yanayojaa yawafunike. Kwa mujibu wa Robert Wodrow, mwanahistoria aliyeyaandika mateso hayo mnamo 1721 na 1722, msichana alitolewa majini akiwa hajafa na kutakiwa amwombee mfalme. Alikubali kumwombea, kwa kuwa aliwatakia watu wote wokovu. Alichokataa ni kula kiapo. Akarudishwa majini.

Hapo ndipo ulipo mpaka unaochunguzwa na makala haya. Kumwombea mfalme ni tendo la dini, nalo halikumpa shida. Kula kiapo kilichotungwa na baraza la mfalme kuhusu mipaka ya dhamiri yake ndiko kulikomshinda.

Barabara ya Mpwapwa

Kati ya Uskoti huo na Buganda pana uzi mmoja unaopita katika uwanda wa kati wa Tanzania. Alexander Mackay, mhandisi aliyetumwa na jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, CMS, alizaliwa Rhynie, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, mwaka 1849. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, lililoundwa mwaka 1843 pale wachungaji zaidi ya 450 walipotoka katika kanisa la taifa kwa kupinga dola kuingilia uteuzi wa wachungaji. Kanisa hilo lilijihesabu mrithi wa Wanaagano. Mwaka 1877 Mackay alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa takriban kilomita 370, na Novemba 1878 alifika Buganda.

Njia hiyo haikuwa ya wamisionari peke yao, wala wao hawakuwa wa kwanza kuipita. Misafara ya waungwana wa pwani ilikuwa imezoea kuvuka Ugogo, ikiwalipa watemi hongo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita. Kondoa Irangi nako, kaskazini zaidi, kulikuwa na kituo cha misafara. Bidhaa, bunduki, Uislamu na Kiswahili vilikwenda pamoja. Kwa hiyo, Mackay alipofika Buganda aliwakuta watu wa ikulu wanaokifahamu Kiswahili, na masomo ya mwanzo ya Biblia aliyafundisha kwa lugha hiyo kabla ya maandiko ya Kiganda kupatikana. Walioteswa baadaye waliitwa “wasomaji”, iwe walisoma Kurani au Injili. Jina hilo linastahili kuzingatiwa: lilitokana na tendo la kusoma, na msomaji ni mtu aliyepata chanzo cha amri kisichopitia kinywani mwa Kabaka.

Imamu asiyetahiriwa

Uislamu ulifika ikuluni Buganda wakati wa Kabaka Suuna, katika miaka ya 1840, kwa wafanyabiashara wa pwani. Mwanawe Mutesa aliukumbatia kuliko baba yake. Kuna wanaoona katika hatua hiyo hila tupu ya kisiasa, lakini mtu hafungi Ramadhani kumi kwa hila tupu. Mutesa alijifunza kusoma Kiarabu, akajadili mambo ya ufufuo na ya siku ya mwisho na wageni wake, akabadilisha namna ya kusalimiana ikuluni. Hata hivyo, kulikuwa na sharti moja asiloweza kulitimiza. Mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagwe wala mwili wake ukatwe. Mutesa hakutahiriwa.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikuleta shida. Waungwana waliofanya biashara naye walilijua na kulinyamazia, na mfanyabiashara ana sababu nyingi za kunyamaza. Hali ilibadilika Waislamu wengine walipofika kutoka kaskazini, kutoka Sudani iliyokuwa chini ya Misri, wakati ambao Khedive, kupitia maofisa wake, alikuwa anasukuma mpaka wake kuelekea maziwa makuu. Hao walikuwa na elimu ya sheria na hawakuwa na pembe za ndovu za kununua. Waliwaambia vijana wa ikulu kwamba kibla cha misikiti yao si sahihi, kwamba asiyetahiriwa hafai kuwa imamu, na kwamba nyama iliyochinjwa na watu kama hao haifai kuliwa na Mwislamu.

Vijana waliyachukua maneno hayo kwa uzito ambao pengine hata walimu wao hawakuutarajia. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kutahiriwa kinyume cha mila. Sasa wakaikataa nyama ya ikulu, na walipoitwa kuswali hawakusimama nyuma ya Kabaka.

Ili kulielewa kosa hilo kama Mutesa alivyolielewa, inafaa kukumbuka maana ya chakula katika ikulu ya Buganda. Vijana hao walikuwa wana wa machifu, waliopelekwa kwa Kabaka ili walelewe na baadaye wapewe vyeo. Kabaka aliwalisha, na kula kwake kulikuwa kukiri kwamba wao ni wake. Mtoto anayesusa chakula mezani kwa baba yake, mbele ya wageni, anawatangazia wageni jambo kuhusu baba huyo. Tena wageni wenyewe walikuwa watu wa dola jirani inayoinyemelea nchi. Ndani ya hoja ya fiqhi kuhusu kuchinja, Mutesa alisikia hoja kuhusu mipaka ya Buganda, na hakukosea kabisa.

Hata hivyo kosa halikuwa kwake tu kuwa na hofu ya Misri. Mutesa alikuwa amejifanya kiongozi wa dini kwa amri, kama vile sheria ya 1669 ilivyomfanya Charles II. Uislamu aliouamuru ulikuwa Uislamu wenye Kabaka kileleni. Vijana walipomkatalia uimamu kwa kutumia masharti ya dini hiyo hiyo, walikuwa wamegundua kwamba kitabu alichowapa kinaweza kumhukumu. Mtawala aliyeileta dini ikuluni ili imtukuze aliona imegeuka kipimo chake. Pengine hiyo ndiyo sababu adhabu ikawa kali kuliko ile iliyowapata wapagani waliokataa swala: yule wa pili hakuwa na hoja yoyote ya kumjibu Kabaka kwa lugha ya Kabaka mwenyewe.

Wasomaji wa Injili

Yaliyowapata Wakristo chini ya Mwanga, aliyemrithi Mutesa mwaka 1884 akiwa kijana wa takriban miaka 18, yanajulikana zaidi na yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Januari 31, 1885, vijana watatu waliokuwa wanafunzi wa wamisionari wa Kianglikana waliuawa. Oktoba 29, mwaka huo huo, Askofu James Hannington, ambaye mwaka 1882 alikuwa amepita njia ya Mpwapwa na kurudi kwa ugonjwa, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga kwa kuwa alijaribu kuingia kwa njia ya mashariki. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki mwenye cheo ikuluni, aliyapinga mauaji hayo na akauawa Novemba 15. Mei 1886 wasomaji wengi walikamatwa, na Juni 3 kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo, mahali pale pale walipouawa Waislamu miaka kumi kabla. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanahesabiwa kuwa mashahidi wa kipindi hicho, cha 1885 hadi 1887.

Sababu zilizotajwa ni mbili, nazo haziondoani. Mwanga aliiogopa Ulaya, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa amekusanya mikataba Usagara na sehemu za jirani, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Habari hizo zilisafiri hadi ziwani kwa misafara ile ile. Pili, vijana Wakristo walikataa matakwa ya kimwili ya Kabaka. Kama ilivyokuwa kwa nyama, walichokikataa kilikuwa kitu ambacho Kabaka alikihesabu haki yake isiyohitaji kuombwa.

Kati ya mashahidi hao yupo mmoja anayefunua jinsi mambo haya yalivyoshikamana. Matia Mulumba aliutafuta ukweli kwanza katika Uislamu, kisha kwa Waanglikana, na hatimaye akabatizwa Mkatoliki. Kwa mtu kama huyo, mateso ya 1876 na ya 1886 hayakuwa historia mbili. Ni vitabu vya baadaye, kila kimoja cha dhehebu lake, vilivyozitenganisha.

Walioteswa wanapopata kiti

Sehemu hii ya mkasa hairidhishi, na ndiyo sababu husahaulika. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Mwanga. Kiwewa, kaka yake, aliwekwa mahali pake. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo, wakamtaka Kiwewa atahiriwe. Alikataa, akawaua baadhi ya viongozi wa Kiislamu, na akapinduliwa. Kalema aliyemfuata alikubali kutahiriwa, na chini yake tohara, ambayo vijana wa 1876 waliichagua kwa hiari na kuilipia kwa maisha yao, ikawa jambo la kulazimishwa. Alama ya dhamiri ikageuka alama ya utii.

Wakristo nao hawakuwa bora sana. Mwanga alirudi kwa msaada wao. Januari 24, 1892, Wakatoliki na Waprotestanti, ambao damu ya wenzao ilichanganyika Namugongo miaka sita tu kabla, walipigana vilimani Mengo, na bunduki za kapteni Frederick Lugard zikawapa Waprotestanti ushindi. Vyeo na wilaya vikagawanywa kwa madhehebu. Waislamu wakaishia na wilaya moja, Butambala.

Uskoti haukutofautiana. Katika majira ya baridi ya 1688 hadi 1689, makundi ya Wapresbiteri kusini-magharibi yaliwafukuza makasisi wa maaskofu zaidi ya 200 kutoka katika nyumba zao. Mwaka 1690 Upresbiteri ukawa kanisa la taifa kwa sheria. Januari 1697, Thomas Aikenhead, mwanafunzi wa Edinburgh mwenye umri wa miaka 20, alinyongwa kwa kukufuru. Mashahidi waliotoa ushuhuda dhidi yake walikuwa wanafunzi wenzake. Wachungaji wa jiji, warithi wa watu waliohubiri uwandani huku wakiwindwa, hawakusimama kuyaokoa maisha yake.

Kutoka Namugongo hadi Busi

Msomaji wa Busi, katika wilaya ya Kondoa ambako Waislamu na Wakristo wameishi ujirani kwa vizazi, anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaiweka dini katika hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa maandishi, kiti cha imamu na mkutano wa wazee vimeachwa kwa wenyewe. Lakini alama ndogo hazijaisha. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama inayouzwa kwa watu wote ulisababisha kifo cha mchungaji. Kwa desturi ya siku nyingi katika sehemu kubwa ya nchi, kazi hiyo hufanywa na Waislamu ili kila mtu aweze kula. Desturi hiyo ilidumu kwa sababu ilikuwa ukarimu. Ilipoanza kudaiwa au kupingwa kama haki ya upande mmoja, nyama ikawa tena kile ilichokuwa ikuluni kwa Mutesa.

Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi katika shauri la wanafunzi wa sekondari zaidi ya 100, waumini wa Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa na shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Wanafunzi hao hawakuitukana nchi wala bendera yake. Walisimama kimya wenzao walipoimba. Wakuu wa elimu waliona ukaidi, kama Mutesa alivyoona na kama maofisa wa Wigtown walivyoona, kwani kuna ugumu gani kuimba? Mahakama iliupa ushindi upande wa wanafunzi. Ilikubali kwamba mtu anaweza kuiheshimu nchi yake bila kutamka maneno ambayo dhamiri yake inamzuia kuyatamka, na wanafunzi waliosimamishwa na kufukuzwa wakatambuliwa kuwa walistahili kuendelea na masomo.

Nchini Uganda, Juni 3 ni sikukuu ya taifa. Mahujaji huenda Namugongo kwa maelfu, wengine kwa miguu kutoka nje ya nchi, Tanzania ikiwamo, kuwakumbuka wale waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 pamoja na wenzao Waanglikana. Vijana wa 1876 walikufa katika kitongoji hicho hicho. Kalenda ya taifa haina siku yao.